Muhogo unaoonekana mzima: nitajuaje kama kweli unakinza michirizi ya kahawia?

Pingili_Sita

Wakuu, habari za kazi. Kuna aina nane za muhogo za kienyeji kutoka Mkuranga na Rufiji ambazo wakulima wanazisifia kwamba "haziozi". Zinatakiwa kupimwa kama kweli zinakinza michirizi ya kahawia (ugonjwa wa kirusi unaoozesha mizizi) kabla hazijaingizwa kwenye kazi ya kuzalisha mbegu mpya. Eneo liko chini ya mita 100 kutoka usawa wa bahari, nzi weupe wapo wa kutosha, Albert ya kulinganishia (aina inayougua kirahisi) inapatikana na Namikonga (inayojulikana kwa kukinza) pia ipo.

Kinachosumbua ni matokeo ya awali. Aina mbili hazina dalili yoyote, si jani si shina, lakini PCR (kipimo cha maabara kinachotafuta jeni za kirusi) inasoma kirusi. Aina moja ina manjano tele kwenye majani, ila mizizi ilipokatwa ilikuwa myeupe pe. Nyingine iko safi kila upande: jani, mzizi na PCR. Ipi ndiyo kinzani? Na jaribio lipangwe vipi ili jibu lisije likageuka mwakani? Bajeti ya maabara ni vipimo 120, havizidi hapo.

Mtumba_wa_Shamba

Mkuu, hiyo iliyo safi kila upande ndiyo ya kuitilia shaka kuliko zote. Inawezekana haijawahi kukutana na kirusi.

Hapa kuna mambo manne ambayo watu huyaita "ukinzani" kwa mkupuo. La kwanza ni kukwepa: nzi hawakuifikia, au pingili zilitoka shamba safi. Hilo ni bahati tu. La pili, mmea unawachukia nzi weupe wenyewe: hawatui, hawatagi, hawanyonyi kwa utulivu. La tatu, kirusi kinaingia lakini kinashindwa kuzaliana au kusafiri kutoka jani kwenda shina na mzizi. Huo ndio ukinzani hasa. La nne ni uvumilivu: kirusi kimejaa, mmea unaendelea na maisha yake. Aina zako mbili zisizo na dalili huku PCR inasoma zinaweza kuwa za tatu au za nne. Kujua ni ipi lazima upime kiasi cha kirusi. Ndiyo na hapana peke yake haitoshi.

Kuhusu mpangilio. Kirusi cha michirizi hakikai sana ndani ya nzi. Nzi hukichukua kwa dakika chache za kunyonya na hukipoteza ndani ya siku moja au mbili, tofauti na cha batobato (ugonjwa mwingine wa muhogo) ambacho huzunguka mwilini mwake na kukaa siku nyingi. Maana yake michirizi husambaa karibu karibu, mche kwa mche. Ukiweka Albert wagonjwa pembeni mwa shamba tu, ploti za katikati zitabaki safi na utaandika "kinzani" juu ya aina ambayo haikuguswa. Weka mstari wa Albert wenye dalili kati ya kila ploti na ploti, na upandwe mwezi mmoja kabla ya aina zenyewe ili nzi wawe wameshajijenga.

Ploti ya mistari 5 kwa mimea 6, nafasi mita 1 kwa mita 1, inakupa mimea 30. Data unachukua kwenye 12 ya ndani tu. Aina nane pamoja na Albert na Namikonga ni kumi, marudio matatu, kwa hiyo pingili 90 kwa kila aina, na ongeza kama 10 za kujazia zisizoota. Pingili ya sentimita 20 hadi 25, vifundo visipungue vitano. Kila ploti ipangwe kwa kura ndani ya rudio, hata kama mwenye shamba anapenda kuziona zimepangwa kwa majina.

Halafu jambo ambalo wengi wanaliruka: usiishie msimu mmoja. Ukivuna, miezi 12 baada ya kupanda, kata pingili kutoka kwenye ploti zile zile, panda tena, uhesabu miche inayochipua ikiwa tayari na dalili. Kwa Albert karibu yote itatoka mgonjwa. Aina yenye ukinzani wa kweli huacha sehemu za shina bila kirusi, kwa hiyo sehemu ya pingili zake huchipua safi ingawa mama yake aliugua. Hicho ndicho kipimo mkulima anachokihisi, maana mbegu yake inachakaa polepole au haichakai.

jani_la_tatu

Sasa mbona tunaambiwa alama za majani miezi 3, 6 na 9 zinatosha, kipimo cha 1 hadi 5, kazi imekwisha? Watu wanachuja mamia ya miche kwa njia hiyo. Ukianza kukata kila mzizi na kupeleka sampuli za RNA (chembe zinazobeba jeni za kirusi) maabara utachuja aina nane kwa miaka mitatu.

Mtumba_wa_Shamba

@jani_la_tatu inatosha kutupa, haitoshi kuchagua. Mche uliopata 4 au 5 shambani (michirizi mirefu kwenye shina la kijani, ncha zinakauka kurudi chini) tupa bila maswali. Tatizo ni waliopata 1. Uhusiano wa jani na mzizi kwenye ugonjwa huu ni dhaifu, na swali la ndugu hapo juu linaonyesha hivyo hivyo: ana aina yenye jani bovu na mzizi mweupe. Kinyume chake pia kipo, ndicho kinachowaumiza wakulima wa pwani. Shamba linapendeza, mwaka mzima umepalilia, ukichimba unakuta gamba la kahawia ndani ya kila mhogo.

Na anayepima majani aangalie yale ya chini yaliyokomaa. Manjano ya michirizi hufuata mishipa midogo kama unyoya, au hutokea kama mabaka yasiyo na mpaka, na jani halijikunji. Jani changa lililojikunja na kupinda ni batobato. Wageni wa kazi hii huangalia kilele tu, wakahesabu batobato yote kama michirizi na michirizi yote kama uzima.

Bafa_65

Nijibu upande wa maabara, maana vipimo 120 vinatosha vikigawanywa vizuri.

40 viende kwenye mimea mama. Shina lililokomaa linatoa pingili tano hivi, kwa hiyo pingili 100 zinahitaji kama mama 20 kwa kila aina, jumla 200. Changanya majani ya mimea mitano kwenye mrija mmoja. Mrija ukisoma kirusi, tupa mimea yote mitano, usirudie kuipima mmoja mmoja. Fedha ya kurudia ni kubwa kuliko thamani ya mama wanne wazima. Kwa hiyo anza na mama wa ziada. Usipofanya hatua hii jaribio zima halina maana, kwa sababu aina iliyoanza na pingili chafu itaonekana dhaifu kuliko ilivyo.

4 vya kuhakiki mashina mama ya kubebeshea, yaani kuunganisha ncha ya mmea mmoja juu ya shina la mwingine (nitaeleza). 60 kwa mimea iliyobebeshwa: aina kumi, mimea mitatu kila aina, mara mbili, wiki ya 8 na ya 12. Vinabaki 16 vya mizizi wakati wa kuvuna, uvitumie kwa zile zilizoonekana safi tu.

Kuchukua sampuli: jani la chini lililokomaa, lenye dalili kama zipo. Kileleni kirusi huwa kidogo na unaweza kupata hapana ya uongo. Kama maabara iko mbali, bana jani kati ya magazeti, badilisha gazeti kila siku mpaka likauke. Usilifungie kwenye mfuko wa plastiki likiwa bichi, litaota ukungu na RNA itakuwa imekwisha.

Miligramu 100 za jani, mililita 1 ya bafa ya CTAB (mchanganyiko wa kutolea RNA kwenye jani), nyuzi 65, dakika 15 hadi 30. Muhogo una wanga na utomvu mwingi, hivyo kinachokuja mwishoni kikiwa na rangi ya chai au kinanata, osha tena kwa klorofomu kabla ya kuendelea. Kimeng'enya kinazimwa na uchafu huo na utasoma hapana mahali ambapo kirusi kipo. Ndiyo maana kila sampuli lazima iwe na kipimo cha jeni ya muhogo wenyewe pembeni. Kama jeni ya muhogo haikuonekana, matokeo ya kirusi si hapana, ni *hakuna jibu*.

Virusi vyenyewe ni viwili, CBSV na UCBSV, na vyote ni vya RNA, kwa hiyo usisahau hatua ya kugeuza RNA kuwa DNA. Praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia PCR) za CBSDDF2 na CBSDDR zinavitenganisha kwa urefu wa bendi kwa jozi za besi: 344 ni CBSV, 440 ni UCBSV. Ni muhimu kujua, kwani CBSV kwa kawaida ndicho kikali zaidi. Aina iliyoshinda UCBSV peke yake bado hujaipima. Kwa kiasi cha kirusi tumia PCR ya muda halisi, ukilinganisha na Albert iliyobebeshwa siku ile ile.

mpira_wa_Ceara

Mnapozungumzia Namikonga kama kipimo cha juu, ni vizuri mtu ajue ilikotoka, kwa sababu inaeleza kwa nini kazi hii haina njia ya mkato.

Ugonjwa huu ulielezwa kisayansi kwa mara ya kwanza mwaka 1936 na H. H. Storey, akiwa kituo cha Amani kule Usambara. Walianza kwa kutafuta muhogo usiougua, wakaona ukinzani wa ndani ya muhogo wenyewe hautoshi. Wakachukua mpira wa Ceara, *Manihot glaziovii*, mti wa jamii ya muhogo, wakauchavusha na muhogo. Kizazi cha kwanza kilikinza, lakini mizizi yake haikuwa ya kuitwa chakula: myembamba, yenye nyuzi. Ikabidi warudishe damu ya muhogo, kizazi baada ya kizazi, mpaka mara ya tatu ndipo mizizi ikanenepa. Nichols aliiendeleza kazi hiyo, kisha Jennings, hadi programu ilipofungwa mwaka 1957.

Sasa angalia mgawanyiko. Mbegu za ukoo wa Amani zilipelekwa Nigeria, humo ikatoka aina ya 58308, na kutokana nayo IITA (taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha tropiki) ikapata TMS 30572 iliyosambaa Afrika nzima kwa ajili ya batobato. Afrika Mashariki mabaki ya ukoo huo yalibaki mikononi mwa wakulima kwa majina ya kienyeji. Namikonga ya Tanzania na Kaleso ya pwani ya Kenya ni kitu kimoja kijenetiki, na vipande vya mpira bado vinasomeka ndani ya jenomu yake. Usishangae basi kama moja ya aina zako nane ikageuka kuwa ndugu ya Namikonga yenye jina la kijiji. Pima alama za jeni mapema, usije ukachavusha mtu na dada yake.

Ukinzani wa Namikonga dhidi ya kuoza mizizi hauko mahali pamoja. Uchoraji wa ramani kwa watoto wa Namikonga na Albert, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha maeneo kadhaa, yakiwemo ya kromosomu ya 2 na ya 11, kila moja likichangia kidogo. Kwa hiyo ukimchavusha na aina nyingine, watoto wengi watapata nusu nusu. Batobato ni hadithi nyingine. Kuna CMD2, eneo moja la kromosomu ya 12, lenye nguvu hata likitoka kwa mzazi mmoja. Ni rahisi kulihamisha, na ni rahisi kulipoteza pia: mimea ya CMD2 ikipitishwa kwenye tishu hadi kuwa viini na kuoteshwa upya, ukinzani hupotea. Mwaka 2022 chanzo chake kilitajwa: mabadiliko ya herufi moja kwenye jeni ya kimeng'enya kinachonakili DNA ya mmea, MePOLD1. Inaleta maana, kwani kirusi cha batobato ni cha DNA na hakina mashine yake ya kunakili, kinaazima ya mwenye nyumba. Kwa michirizi, ambayo ni RNA, CMD2 haisaidii kitu. Ndiyo maana mikoa iliyopanda mihogo ya kuzuia batobato ilijikuta na mashamba mabichi juu na yaliyooza chini.

kisima_Kilifi

Kuongezea tu kutoka upande wetu wa Kenya. Kuna njia mbili nyingine ambazo hazitegemei mpira.

Ya kwanza ni kuufundisha muhogo kukata RNA ya kirusi: unawekwa kipande cha jeni za gamba la CBSV na UCBSV kilichojikunja, mmea unakikatakata na kutumia vipande kuwinda chochote kinachofanana. Ndiyo mstari wa 4046, ulioidhinishwa na mamlaka ya usalama wa kibayoteknolojia ya Kenya mwezi Juni 2021. Umetokana na aina ya TME 204, na ile kasoro ya tishu aliyoitaja mpira_wa_Ceara iliukumba: ukinzani wa batobato ulipotea, ikabidi uchavushwe na aina nyingine ili urudishiwe.

Ya pili ni kumnyima kirusi ufunguo. Kirusi hiki kina protini iitwayo VPg iliyoshikana na ncha ya RNA yake, na inabidi ijishikize kwenye protini ya mmea ya kuanzisha usomaji wa jeni, eIF4E. Muhogo una tano za aina hiyo. Mbili kati yake, nCBP-1 na nCBP-2, zilipoharibiwa pamoja kwa CRISPR (mbinu ya kuhariri jeni), mizizi iliumia kidogo na kirusi kilipungua, lakini hakikwisha. Yaani mlango ule si mmoja. Mtu asitangaze "muhogo usioshikika" kwa sababu ya jeni mbili.

Pingili_Sita

Asanteni sana. @Bafa_65 umetaja kubebesha halafu ukapita. Je, si shamba lenye mistari ya Albert linatosha? Na kikonyo kiwe cha aina inayopimwa au kiwe cha Albert mgonjwa?

Bafa_65

Shamba linapima nzi na kirusi kwa pamoja. Kubebesha kunamtoa nzi. Aina ikiwa safi shambani halafu ikalemewa ikibebeshwa, ukinzani wake ulikuwa kwa nzi, si kwa kirusi. Ikiwa safi kote kuwili, hapo ndipo pa kufurahi.

Kikonyo kiwe cha aina inayopimwa, shina mama liwe Albert mgonjwa. Chagua mashina yenye dalili wazi yaliyosoma CBSV, umri wa miezi mitatu, unene wa penseli. Yakate juu sentimita 20 hadi 25 kutoka ardhini na uyaachie majani mawili matatu ya chini. Watu huyapangusa yote ili ionekane nadhifu, kisha kirusi hakipandi. Kirusi husafiri na sukari: hutoka kwenye jani linalotengeneza chakula kwenda kwenye chipukizi linalokihitaji. Kwa hiyo shina mama liwe na majani, na kikonyo kiwe na njaa.

Kikonyo ni ncha ya sentimita 10 hadi 15, chonga kabari ya sentimita 2 hadi 3 pande zote mbili kwa mkato mmoja mmoja wa wembe mpya. Ukikwangua kwangua, utomvu unaganda katikati na havishikani. Pasua shina mama katikati, ingiza, hakikisha ganda limekutana na ganda angalau upande mmoja. Funga kwa parafilmu (utepe mwembamba unaovutika), vika mfuko mwangavu, weka kivulini. Fungua mfuko kidogo kidogo kuanzia siku ya 7, uondoe kabisa kama ya 10. Kinachonyauka siku ya tatu ni mkato mbaya. Kinachooza siku ya nane ni maji yaliyosimama ndani ya mfuko.

Bebesha nane kwa kila aina ili upate mitatu ya uhakika. Weka Albert safi juu ya Albert mgonjwa: isipougua kufikia wiki ya 8, mbinu yako ndiyo mbovu, usiandike chochote kuhusu aina nyingine. Weka pia kila aina juu ya shina safi, kwani jeraha lenyewe linaweza kuleta manjano. Aina ikisoma hapana wiki ya 12, chukua kikonyo chake ukitumie kama shina, ukibebeshe Albert safi. Albert ikibaki safi, kirusi hakikuwemo. Ikiugua, kilikuwemo chini ya uwezo wa kipimo chako.

Vipimo vya aina hii vilivyofanywa Ujerumani kwa mihogo ya Amerika Kusini kutoka hazina ya CIAT (kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo), Kolombia, vilikuta michache ambayo kirusi kilibaki kimefungiwa kwenye mishipa ya chakula bila kuenea nje yake, na mingine ambayo hakikuonekana kabisa. Kwa hiyo ukinzani wa tatu aliousema Mtumba upo, na una madaraja yake.

Mtumba_wa_Shamba

Siku ya kuvuna, mambo matatu yanayoharibu data.

Kwanza, chimba na kukata siku hiyo hiyo. Muhogo uliolala siku moja mbili huanza mistari ya bluu nyeusi kwenye mishipa kwa sababu ya kuchimbwa, na mwenye haraka ataiandika kama ugonjwa. Uozo wa michirizi ni mkavu, mgumu kama kizibo, manjano ya kahawia, hauna harufu. Uliolainika na kunuka ni kitu kingine, uweke safu yake.

Pili, kata kila mzizi wa kila mmea katika ile 12, mikato mitano kutoka kichwa hadi mkia. Ukikata katikati tu utakosa donda la sentimita mbili lililojificha karibu na mkia. Daraja: 1 hakuna, 2 hadi asilimia 5 ya uso wa mkato, 3 ni 6 hadi 10, 4 ni 11 hadi 25, 5 zaidi ya hapo. Andika daraja la mkato mbaya kuliko yote.

Tatu, usichanganye wastani. Toa namba mbili: asilimia ya mizizi iliyoumia, na wastani wa daraja kwa mizizi iliyoumia peke yake. Aina yenye mizizi 90 mizima na 10 ya daraja la 5 ikipigwa wastani wa pamoja inatoka 1.4, sawa kabisa na aina ambayo mizizi 40 kati ya 100 ina daraja la 2. Ya kwanza huenda ina pingili chache chafu zilizoponyoka kwenye uhakiki. Ya pili inaugua polepole. Hazichaguliwi kwa namna moja.

Pingili_Sita

Imeeleweka. La mwisho: kikonyo kibaki na majani mangapi?

Bafa_65

Mawili machanga ya kileleni, basi. Yaliyokunjuka yote kata, uache vikonyo vya jani vifupi vianguke vyenyewe. Ukiyachuna kwa mkono unavuta ganda pamoja nayo, na utomvu utakuchafulia kabari.